Kutoka Bei Moja hadi Namba ya Mkulima: Historia ya Ruzuku ya Mbolea Makambako na Njombe, 1974–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya ruzuku ya mbolea na mbegu katika eneo la Makambako na Njombe, tangu Mradi wa Mahindi wa Taifa wa katikati ya miaka ya 1970 hadi mpango wa ruzuku uliozinduliwa mwaka 2022. Mijadala mingi kuhusu ruzuku hupima kiasi cha fedha kilichotumika na mavuno yaliyopatikana. Makala haya yanauliza swali jingine: ruzuku ilimfikia mkulima kwa njia gani, na nani alikuwa na uwezo wa kumzuia asiipate? Inadaiwa kwamba katika kipindi hicho ruzuku ilihama kutoka ndani ya bei, ambako kila muuzaji wa mahindi aliipata bila kuombwa jina, ikaingia katika orodha, ambako mkulima hana budi kwanza kutambuliwa kuwa mkulima. Kuhama huko kulizihamisha pia nguvu za uamuzi, kutoka wizarani na katika mashirika ya umma hadi katika kamati ya kijiji, duka la wakala na daftari la usajili.

Utangulizi

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu iendayo Zambia kutoka Dar es Salaam hupita hapo, na kutoka hapo huchepuka barabara ya kusini iendayo Njombe na Songea. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976, ina stesheni mjini humo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nao una kanda yenye makao Makambako, na katika msimu wa ununuzi mahindi ya vijiji vya Njombe na maeneo jirani hukusanywa kwenye maghala yake. Mbolea hupanda kutoka bandarini na mahindi huteremka kwenda mijini, na vyote viwili hupita mahali pamoja.

Kwa sababu hiyo mji huu unafaa kutazamia historia ya ruzuku. Mkulima wa Kitandililo au Mahongole hununua mbolea ambayo bei yake imeshabeba gharama ya meli, bandari na safari ya zaidi ya kilomita 600. Anapouza mahindi, safari hiyo hiyo hukatwa katika bei anayolipwa. Umbali humtoza mara mbili. Ruzuku zote zilizowahi kutolewa katika eneo hili zinaweza kusomwa kama majibu tofauti kwa tatizo hilo moja, na kila jibu lilikuwa na watu wake walionufaika na wengine walioachwa nje.

Kiutawala, eneo linalozungumziwa lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa pamoja na mikoa ya Geita, Katavi na Simiyu. Kwa hiyo, takwimu na sera za kabla ya mwaka huo huzungumzia Iringa. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa mpya ukiwa na watu 702,097, na ile ya 2022 ikahesabu watu 889,946. Wengi wao hutegemea kilimo moja kwa moja, wakiwamo wakazi wa mitaa ya mjini ambao mashamba yao yako vijijini.

Udongo, baridi na mahindi

Ili kuelewa kwa nini mbolea ilikuja kuwa suala la kisiasa, ni lazima kuanza na ardhi yenyewe. Nyanda za juu za Ubena hupata mvua ya kutosha kwa mahindi katika miaka mingi, ingawa upande wa Makambako na Wanging'ombe ni mkavu kuliko Njombe mjini na Lupembe. Mvua hiyo, kwa karne nyingi, imeosha virutubisho, na sehemu kubwa ya udongo ina uchachu pamoja na upungufu wa naitrojeni na fosforasi. Baridi huchelewesha ukuaji. Mahindi yanayopandwa Novemba au Desemba hukaa shambani miezi mingi kuliko yale ya nyanda za chini, na mengi huvunwa kuanzia Juni na kuendelea.

Kilimo cha zamani kilikuwa na njia zake za kukabiliana na hali hiyo. Mashamba yalipumzishwa, majani yalifukiwa katika matuta, na mabonde yenye unyevu yalilimwa vinyungu wakati wa kiangazi. Njia hizo zilihitaji ardhi ya kutosha na nguvu kazi. Katika enzi ya ukoloni wa Waingereza nguvu kazi hiyo ilipungua, kwa kuwa Wilaya ya Njombe ilikuwa mojawapo ya vyanzo vikuu vya manamba wa mashamba ya mkonge. Shirika la kuajiri vibarua wa mkonge, SILABU, lililoanzishwa mwaka 1944, liliwasafirisha wanaume wengi kutoka kusini kwenda Tanga na Morogoro. Kwa muda mrefu bidhaa kuu ambayo Njombe iliipeleka pwani ilikuwa nguvu za vijana wake. Mahindi ya biashara yalikuja baadaye, na yalikuja pamoja na mbolea ya viwandani.

Katika miaka ya 1970 mambo kadhaa yalikutana. Operesheni Vijiji ilikusanya watu katika makazi ya pamoja, na mashamba yaliyokuwa karibu na makazi yakaanza kulimwa kila mwaka bila kupumzishwa. Mbegu chotara zinazofaa nyanda za juu, kama vile H614 kutoka Kitale na baadaye H6302 iliyotokana na utafiti wa Uyole, ziliongeza matarajio ya mavuno. Lakini mbegu hizo hazitoi mavuno yake kwenye udongo uliochoka. Mkulima aliyeipokea mbegu alijikuta ameipokea na haja ya mbolea.

Ruzuku ndani ya bei, 1974–1990

Mwaka 1972, katika kikao kilichofanyika Iringa, TANU ilitangaza siasa iliyojulikana kama Siasa ni Kilimo, iliyoelekeza matumizi ya mbegu bora, mbolea na maarifa ya kitaalamu. Ukame na uhaba wa chakula wa 1973 hadi 1975 uliilazimu serikali kuagiza nafaka nyingi kutoka nje kwa fedha za kigeni ilizokuwa nazo chache, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ikafuata. Ndipo Mradi wa Mahindi wa Taifa ulipoanza, ukisaidiwa na Benki ya Dunia, kwa lengo la kuvipatia vijiji mbolea na mbegu kwa bei iliyopunguzwa sana.

Mfumo wa wakati huo ulikuwa wa mashirika ya umma tangu mwanzo hadi mwisho. Kampuni ya Mbolea Tanzania, iliyokuwa na kiwanda Tanga kilichoanza uzalishaji mwaka 1972, ndiyo iliyosambaza mbolea. Kampuni ya Mbegu, TANSEED, ilisambaza mbegu. Benki ya Maendeleo Vijijini ilitoa mikopo kwa vijiji, ambavyo baada ya Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 vilikuwa na hadhi ya kisheria ya kukopa. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lilinunua mahindi, na baada ya vyama vikuu vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976, likawa mnunuzi halali wa pekee vijijini.

Ndani ya mfumo huo mlikuwa na ruzuku mbili. Ya kwanza ilionekana, nayo ni punguzo katika bei ya mbolea. Ya pili haikuandikwa popote kuwa ni ruzuku. Kuanzia msimu wa 1973/74 serikali ilitangaza bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Makambako alilipwa kwa kilo sawasawa na mkulima wa Morogoro, ingawa gharama ya kuyafikisha mahindi yake Dar es Salaam ilikuwa kubwa zaidi. Tofauti ya nauli ilibebwa na NMC na, hatimaye, na hazina.

Matokeo yake yalibadilisha ramani ya chakula ya Tanzania. Deborah Bryceson, katika utafiti wake kuhusu biashara ya chakula (1993), ameonesha jinsi mikoa minne ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ilivyokuja kuwa msingi wa ununuzi rasmi wa mahindi. Mikoa hiyo ilikuwa mbali na soko kuu. Katika soko huria la kawaida isingekuwa ghala la taifa. Ujenzi wa barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea, uliofanyika katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza, ulikamilisha kazi ambayo bei moja ilikuwa imeianza.

Sifa ya kuzingatiwa katika kipindi hiki ni kwamba bei haikumuuliza mtu jina. Mjane mwenye magunia mawili na mwenyekiti mwenye magunia mia moja walilipwa kiwango kilekile kwa kilo. Ni kweli kwamba mwenye magunia mia moja alipata sehemu kubwa zaidi ya ruzuku, kwa kuwa ruzuku ilifuata wingi wa mahindi. Hata hivyo, hakuna mtu kijijini aliyekuwa na mamlaka ya kumnyima mjane sehemu yake.

Udhaifu wa mfumo ulikuwa upande mwingine. Mbolea iliyopaswa kufika Novemba iliweza kufika Januari, mahindi yakiwa yameshapita wakati wa kupandiwa. Deni liliandikwa kwa jina la kijiji kizima, hivyo aliyelipa na asiyelipa walihesabiwa pamoja, na urejeshaji wa mikopo ukazorota. NMC ilichelewa kununua na kuchelewa kulipa. Hasara zake zilikua hadi zikawa mzigo mkubwa kwa mabenki. Kwa maneno mengine, mkulima hakunyimwa ruzuku kwa jina, lakini aliweza kuikosa kwa kuchelewa kwa lori.

Soko bila ruzuku, 1990–2003

Mageuzi ya uchumi yaliuvunja mfumo huo kwa hatua. Mwaka 1984 kiasi cha nafaka ambacho mtu binafsi aliruhusiwa kusafirisha bila kibali kiliongezwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 kizuizi hicho kikaondolewa. Bei moja ya nchi nzima ililegezwa na, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaachwa. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilifungwa mwaka 1991. Ruzuku ya mbolea ilipunguzwa mwaka hadi mwaka, na kufikia msimu wa 1994/95 ilikuwa imeondolewa kabisa. Katika mwaka huohuo wa 1994 sheria ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Pembejeo, ambao kazi yake ilikuwa kukopesha. Kutoa nafuu ya bei hakukuwamo.

Kwa wakulima wa Njombe, ruzuku zote mbili ziliondoka karibu kwa wakati mmoja. Bei ya mbolea ilipanda kwa kuondolewa kwa punguzo na kwa kushuka kwa thamani ya shilingi, na bei ya mahindi shambani ikaanza tena kukatwa nauli. Waliokuwa karibu na barabara kuu walikuwa na nafuu kwa sababu wafanyabiashara wenye malori walikuja wenyewe, na Makambako ilikua kuwa soko lenye shughuli nyingi. Kadiri kijiji kilivyokuwa mbali na lami, ndivyo mnunuzi alivyopungua na muuza mbolea alivyoadimika.

Matumizi ya mbolea nchini yalishuka katika muongo huo. Si haki, hata hivyo, kuueleza muongo mzima kuwa ni wa hasara tu. Biashara huru iliwapa wakulima wanunuzi wengi badala ya mmoja, na fedha taslimu badala ya hati ya kuahidiwa. Viazi mviringo, mbao na mazao ya bustani vilizidi kuchukua nafasi katika uchumi wa kaya. Lakini mazao hayo yalihitaji ama ardhi ya ziada ama mtaji. Kaya isiyo na kimojawapo ilibaki na mahindi, na ilibaki nayo bila mbolea.

Ruzuku ya nauli na mipaka yake

Katika msimu wa 2003/04 serikali ilirejesha ruzuku, ikianzia na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Safari hii ilikuwa ruzuku ya usafirishaji. Kampuni zilizoingiza na kusambaza mbolea zililipwa gharama ya kuifikisha mikoani, kwa matarajio kwamba bei ya dukani ingeshuka. Dhana iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ileile ya bei moja, yaani taifa libebe gharama ya umbali ili mkulima wa mbali asiadhibiwe kwa kuwa mbali.

Tofauti ilikuwa kwamba mashirika yaliyobeba umbali huo hayakuwa tena ya umma. Serikali ililipa nauli, lakini haikuwa na duka kijijini la kuhakikisha kwamba punguzo limefika. Mfuko wa mbolea uliosafirishwa kwa fedha za umma hadi mjini ungeweza kuuzwa kwa bei ya kawaida, kwa kuwa mnunuzi hakuwa na njia ya kujua bei ilipaswa kuwa kiasi gani. Lawama kwamba nafuu iliishia kwa wafanyabiashara zilisikika mapema. Ni kutokana na lawama hizo ndipo wazo la kumkabidhi mkulima mwenyewe ruzuku yake, ikiwa katika karatasi yenye thamani, lilipopata nguvu.

Vocha na kamati ya kijiji, 2008–2014

Kupanda kwa bei za dunia mwaka 2007 na 2008, ambapo bei ya DAP katika soko la kimataifa ilivuka dola 1,000 kwa tani, kuliharakisha mabadiliko. Mpango wa Taifa wa Vocha za Pembejeo ulianza msimu wa 2008/09 na kupanuliwa mwaka 2009 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 160. Iringa, ambayo Njombe ilikuwa sehemu yake, ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kwa sababu ya uwezo wake wa kuzalisha mahindi.

Kwa mkulima wa mahindi mpango ulikuwa hivi. Kaya ilipewa vocha tatu za ekari moja: moja ya mbolea ya kupandia, moja ya urea ya kukuzia, na moja ya kilo 10 za mbegu bora. Vocha ililipia takriban nusu ya bei, na mkulima aliongeza fedha zake kulipia nusu iliyobaki. Kaya ilitarajiwa kunufaika kwa misimu mitatu, kisha ijitegemee. Walengwa walikuwa wakulima wakazi wa kijiji wenye chini ya hekta moja ya mahindi au mpunga, walio tayari kuchangia, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilipaswa kupewa kipaumbele. Mkutano mkuu wa kijiji ulichagua kamati ya vocha yenye wanaume watatu na wanawake watatu. Kamati iliandaa orodha, mkutano uliipitisha, mkulima alisaini alipopokea pembejeo, na wakala alipeleka vocha NMB ili alipwe.

Kwa maandishi, utaratibu huu ulikuwa wa kidemokrasia kuliko wowote uliotangulia. Uamuzi ulifanywa mahali ambapo watu wanajuana. Lakini kujuana huko ndiko kulikoleta ugumu. Vocha hazikutosha watu wote, na kila jina lililoingia lilikuwa na jina jirani lililoachwa. Kamati ililazimika kuamua ni nani mkulima maskini lakini si maskini kiasi cha kushindwa kuchangia. Vigezo viwili vya mpango vilivutana: udogo wa shamba ulielekeza vocha kwa wasio nacho, na sharti la kuchangia liliielekeza kwa wenye nacho.

Mvutano huo unaeleweka kwa hesabu ndogo. Ikiwa mbolea ya kupandia, urea na mbegu kwa ekari moja vingegharimu jumla ya shilingi 140,000, mwenye vocha angehitaji shilingi 70,000 taslimu mwanzoni mwa msimu wa mvua, wakati akiba ya chakula inapungua na ada za shule zinakaribia. Kwa kaya isiyo na ng'ombe wa kuuza wala mtu wa kuwakopesha, vocha ilikuwa haki isiyotumika. Hapo ndipo ilipozuka tabia iliyobainika katika sehemu mbalimbali za nchi, ambapo mkulima alisaini vocha na kupokea fedha kidogo badala ya mbolea, na wakala akadai benki thamani yote. Kumlaumu mkulima huyo kwa kuuza haki yake kunasahau kwamba bila fedha za kuchangia haki hiyo ingemalizika muda ikiwa kabatini.

Utafiti wa Pan na Christiaensen (2012), uliofanywa Kilimanjaro, ulionesha ukubwa wa tatizo la orodha. Katika vijiji walivyovichunguza, takriban asilimia 60 ya vocha zilikwenda kwa kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa, na hali ilikuwa mbaya zaidi katika jamii zenye pengo kubwa la mali na zilizo mbali. Matokeo ya Kilimanjaro hayawezi kuhamishiwa Njombe bila uangalifu, kwa kuwa historia za vijiji na za mahindi katika mikoa hii miwili zinatofautiana. Yanachothibitisha ni kwamba udhaifu ulikuwa ndani ya utaratibu wenyewe. Palipo na orodha fupi na mahitaji marefu, anayeshika kalamu huwa na nguvu ambayo bei moja haikumpa mtu yeyote kijijini.

Upande wa pili wa mizani haupaswi kupuuzwa. Mpango ulizifikia kaya nyingi ambazo hazikuwahi kutumia mbegu chotara na mbolea kwa pamoja, na ulifungua maduka ya pembejeo katika vijiji ambavyo miaka ya 1990 viliviacha bila muuzaji. Maduka hayo yalikuwa ya mawakala wadogo waliotumia mitaji yao au mikopo. Baada ya fedha za mradi kwisha na mpango kuendelea kwa sura nyingine katika misimu iliyofuata, malipo kwa mawakala yalichelewa, na madai yao yakawa suala la kujadiliwa bungeni. Serikali ilisema ni lazima kuhakiki kwanza kwa kuwa baadhi ya madai yalikuwa na kasoro. Wakala mwaminifu na asiye mwaminifu walisubiri katika foleni moja, kama vile zamani kijiji kilivyodaiwa kwa jina moja.

Bei elekezi na namba ya mkulima, 2017–2023

Mwaka 2017 serikali ilijaribu kushusha gharama bila ruzuku. Uagizaji wa DAP na urea uliwekwa katika mfumo wa pamoja chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, iliyotokana na Sheria ya Mbolea ya 2009, na bei elekezi zikatangazwa kwa maeneo mbalimbali. Mfumo huo ulitegemea utulivu wa bei za dunia. Kuanzia 2021 utulivu huo ulitoweka, kwanza kwa athari za janga la UVIKO-19 na kupanda kwa bei ya nishati, kisha kwa vita vya Urusi na Ukraine. Bei ya mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea katika maeneo mengi ya Tanzania ilipita shilingi 120,000.

Tarehe 8 Agosti 2022, katika kilele cha maonesho ya Nane Nane yaliyofanyika Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango mpya wa ruzuku uliotengewa shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/23. Mfuko wa DAP na wa urea ulipangiwa bei ya shilingi 70,000. Ili kununua kwa bei hiyo, mkulima alipaswa kusajiliwa kijijini au mtaani kwake pamoja na ukubwa wa shamba na mazao yake, kisha apewe namba. Wakala aliyesajiliwa alihakiki namba hiyo kwa mfumo wa kielektroniki kabla ya kutoa mfuko.

Kihistoria, mpango huu uliunganisha mikondo miwili. Kutoka miaka ya 1970 ulichukua wazo la bei inayotangazwa na serikali ambayo kila mtu anaijua, na hivyo kuondoa fumbo la ruzuku ya nauli. Kutoka enzi ya vocha ulichukua wazo la orodha. Orodha yenyewe, hata hivyo, ilibadilika: haikuwa tena ya wachache waliochaguliwa, bali ya wote waliojiandikisha. Kamati ya kijiji haikulazimika kumtoa jirani ili jirani mwingine aingie. Hili ni badiliko kubwa ambalo halikupewa uzito unaostahili katika mijadala ya msimu ule.

Mijadala hiyo ilitawaliwa na foleni. Mikoani, ikiwamo ya Nyanda za Juu Kusini, wakulima walisafiri hadi mijini na kusubiri kwa muda mrefu, kwa kuwa vituo vya kuuzia vilikuwa vichache na mtandao ulisumbua. Umbali, ambao bei moja ilikuwa imeuondoa katika mahindi, ulirudi kwa sura ya nauli ya abiria na siku zilizopotea. Mfuko wa shilingi 70,000 haukuwa wa shilingi 70,000 kwa mtu aliyelipa nauli ya kwenda Makambako, akarudi mikono mitupu, na kesho yake akaenda tena.

Namba ya mkulima ilileta pia maswali mapya kuhusu utambulisho. Nani husajiliwa, mwenye ardhi au anayelima? Mpangaji wa shamba la msimu mmoja hana ekari za kudumu za kuandikisha. Mkazi wa mtaa wa mjini mwenye shamba nje ya mji husajiliwa wapi? Katika kaya ambayo simu ni ya mume, namba huwa yake, hata pale ambapo shamba la mahindi hulimwa na mke. Vocha iliweka, walau kwa maandishi, kipaumbele kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Daftari la usajili halina upendeleo, na kwa hiyo hurithi mgawanyo wa mali na vifaa uliopo tayari ndani ya nyumba.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa hairuhusu hukumu rahisi kwamba ruzuku ni upotevu wala kwamba ni mkombozi. Bila ruzuku ya bei moja, ambayo mara nyingi hukumbukwa kwa hasara zake tu, ni vigumu kueleza jinsi eneo lililokuwa likisafirisha manamba lilivyokuja kusafirisha mahindi ya kulisha miji. Bila kuelewa kuondoka kwake, ni vigumu kueleza kwa nini serikali ililazimika kurudi na ruzuku mara mbili ndani ya miaka ishirini.

Kila mfumo ulikuwa na mlango wake wa kumwacha mkulima nje. Katika enzi ya bei moja mlango huo ulikuwa lori lililochelewa. Katika enzi ya ruzuku ya nauli ulikuwa duka lisilotangaza bei. Katika enzi ya vocha ulikuwa kalamu ya kamati na fedha za kuchangia. Katika enzi ya namba umekuwa usajili, simu na umbali wa kituo. Kwa hiyo tathmini inayohesabu mifuko iliyotolewa haitoshi, kwa sababu mfuko uliotolewa huacha kumbukumbu na mkulima aliyerudi bila mfuko haachi kumbukumbu yoyote katika mfumo.

Kwa watafiti wajao, daftari la wakulima litakuwa chanzo muhimu kama vile vitabu vya ununuzi vya NMC vilivyo kwa miaka ya 1970. Vitabu vile vilirekodi mahindi bila kujali sana aliyeyalima. Daftari hili linarekodi mkulima, na ni rahisi kuliamini kupita kiasi. Linapaswa kusomwa sambamba na ushahidi wa vijiji vyenyewe: kumbukumbu za mikutano mikuu, masimulizi ya mawakala, na hasa maelezo ya wale ambao majina yao hayamo. Katika mji wa njia panda kama Makambako, ambapo kila mfuko na kila gunia hupita, swali la kihistoria linabaki kuwa ni nani aliyesimama kando ya barabara vikipita.